Karatasi Yenye Dole la Mjomba

Kila Jumamosi asubuhi, Kinyaa aliosha pikipiki ya mama yake kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, mkono wa pili ukiwa umeziba pua. Jina hilo alipewa na kaka zake, na halikumwonea. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili aliyenusa maziwa mara tatu kabla ya kuyanywa, na kopo la taka aliliamkia kwa mbali kama mkwe.

Mama yake alikuwa mkunga. Pikipiki ile ndogo, yenye kiti kilichopasuka pembeni, ndiyo iliyokuwa miguu yake kuelekea nyumba za mlimani.

Jumamosi moja alipita mjomba, ambaye alikuwa fundi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwenye suruali, akatikisa kichwa. Oili ilikuwa imekwisha nguvu. Mama alisema angeibadilisha mwenyewe, hivyo mjomba akaandika kwenye karatasi aina ya kununua, na dole gumba lake likaacha alama nyeusi hadi mistari ya ngozi ikaonekana.

"Mpwa wangu, mpe muuza vipuri hii," alisema. "Oili ya pikipiki, yenye herufi hizi mbili, MA. Nyingine usichukue hata ya bure."

Kinyaa aliishika karatasi kwa ncha za kucha. Ilinuka mpira ulioungua. Alipofika kwenye mtaro, upepo uliipeperusha, lile doa likamgusa kiganja. Lilikuwa la vuguvugu na lilinata kama kamasi. Akaiachia. Karatasi ikatua juu ya maji ya kijani, ikang'ang'ania mgongo wa panya aliyevimba. Kuiokota? Afadhali alambe mtaro.

Dukani, oili ya pikipiki ilipangwa rafu ya chini. Chupa zake zilikuwa na michirizi iliyoganda, na kwenye michirizi mlinaswa nywele na mabawa ya nzi. Rafu ya juu kulikuwa na chupa ya rangi ya dhahabu, safi kama ya manukato.

"Nipe ile ya juu," alisema Kinyaa.

Muuza vipuri alimtazama juu ya miwani. "Hiyo ni ya gari, binti. Ndiyo uliyotumwa?"

"Ndiyo."

Nyumbani, mama aliipasha moto injini kidogo, akaizima, kisha akafungua nati ya chini. Oili chakavu iliteremka taratibu, nyeusi tii, ikiangukia beseni kwa mlio wa mtu anayemeza makohozi. Kinyaa aligeuza uso. Tone moja lilimrukia mguuni, naye akalifuta kwa mchanga hadi ngozi ikawaka.

Nati iliporudishwa, mama aliuliza kama hiyo ndiyo oili iliyoandikwa kwenye karatasi. Kinyaa alijibu ndiyo. Miwani ya mama ilikuwa ndani, naye alimwamini binti yake. Akaimimina yote.

Mchana alikuja mwanamume akihema. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu kule mlimani. Mama akachukua mkoba na kuondoka. Alirudi jioni akiisukuma pikipiki, viatu vimejaa tope. Alieleza kwamba kwenye mwinuko injini ilinguruma lakini gurudumu halikupata nguvu. Aliitelekeza kando ya njia akapanda mbio. Alikuta kichwa cha mtoto kimeshatokeza, na jirani aliyekuwa chumbani amesimama ukutani, mikono nyuma, akiogopa damu.

"Ningechelewa kidogo tu, mtoto angeanguka sakafuni," alisema.

Mjomba aliitwa. Akachovya kidole kwenye oili, akainusa, akasonya. Alieleza kwamba klachi ya pikipiki hii huloa oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za gari hutiwa dawa ya kuongeza utelezi. Klachi ikiteleza, injini hulia bure.

Mama alikaza mtandio kiunoni. "Yule mzee wa vipuri ametuuzia kifo. Nakwenda kumwumbua mbele ya wateja wake."

Kinyaa aliitazama mikono yake. Ilikuwa safi, kucha nyeupe kama punje za mchele. Kwa mara ya kwanza ilimtia kichefuchefu.

"Si yeye, Mama. Aliniuliza, nikamdanganya. Nawe nikakudanganya." Akasimulia yote, mtaro, panya na chupa ya dhahabu.

Mama alilegeza mtandio. Kisha akampa spana. "Chuchumaa."

Kinyaa alichuchumaa. Nati ilipolegea, oili ilimtambaa kwenye mkono hadi kiwikoni, akatapika mate kando, akarudi. Mjomba alimtuma dukani kununua oili sahihi na kumwomba radhi mzee. Alirudi amekumbatia zile chupa zenye mabawa ya nzi. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kusuuza tu. Injini ilinguruma kidogo, nati ikafunguliwa tena, na Kinyaa akatapika tena. Ya pili ndiyo iliyobaki ndani. Mjomba akaijaribu pikipiki mwinukoni. Ilipanda bila kusita.

Bombani, Kinyaa alisugua mikono kwa sabuni na mchanga. Weusi ukabaki kwenye kucha. Mama akachuchumaa kando yake.

"Mwanangu, kuona kinyaa si kosa. Kosa ni kukiacha kikuamulie la kufanya, kisha ukakifunika kwa uongo. Ungesema karatasi imeanguka, ningecheka, mjomba angeandika nyingine. Ulinyamaza, na mimi nikabaki mlimani. Oili itatoka kucha zikikua. Uongo ungebaki kwa yule mzee asiye na hatia." Akamshika vidole. "Na siku uliyozaliwa wewe ulikuwa umechafuka kuliko injini hii. Aliyekupokea hakuziba pua."

Jumamosi iliyofuata, kile kijiti cha kitambaa kilibaki ukutani. Kinyaa aliiosha pikipiki kwa mikono yake, pua imekunjwa vilevile.