Kabla ya Kunyosha Mkono

"Mama Adeline, mutu anaweza kuwa mukimbizi ndani ya inchi yake?"

Delphine aliniuliza hivyo siku moja, tukichambua pondu, majani ya mihogo, mbele ya nyumba yangu hapa mtaani Lubunga. Yeye na bwana yake Israël walikimbia vita ya kugombea mashamba kijijini kwao. Mama yake Delphine alikuwa mzee, hakuweza kukimbia. Alibaki kule. Hawajui kama kuna mtu aliyemzika.

Sasa wanaishi chini ya hema nyuma ya kanisa letu. Mvua ikinyesha, wanasimama mpaka ikatike.

Mimi mjane, niliishia shule ya msingi. Nilimjibu tu, "Mungu anajua jina lako."

"Mungu, ndiyo. Na wakubwa?"

Kisha habari ikafika. Mkubwa mmoja wa serikali atakuja kuuliza watu wa mahema kama wanataka kurudi kwao.

"Nitanyosha mikono mbili," Israël akasema. "Nani hapendi kwabo?"

Angèle alimsikia. Ni dada wa shirika linalotetea watu waliokimbia. Akaketi juu ya bidoni ya maji.

"Papa Israël, ukinyosha mukono, watasema umekubali kuenda. Kesho wanabomoa hema. Kule kumetulia?"

"Hapana. Juzi tena wamechoma nyumba."

"Alors, kupenda kwenu ni kitu kimoja. Kukubali kuenda leo ni kingine. Mukimbizi ni yule amevuka mupaka wa inchi. Ninyi ni déplacés, mumehamishwa na vita, lakini mungali wana-inchi. Muko na haki ya kurudi, ao kubaki hapa, ao kuishi fasi ingine. Munachagua wenyewe. Hakuna mutu wa kuwasukuma. Neno hilo tunalipeleka mpaka Kinshasa kwa serikali, liingie katika sheria."

"Na Kinshasa wanasikia?"

"Miaka mingi tunasema, papa."

"Donc hema itaoza kwanza."

Delphine alicheka peke yake, cheko kavu.

Mkubwa alikuja. Tulijaa kanisani. Akauliza, "Nani anataka kurudi kwabo?"

Hakuna mkono ulioinuka. Nilisikia watoto wakikohoa.

Israël akasimama. "Mukubwa, sisi wote tunataka. Lakini si leo. Kwanza watu waache kuuawa. Kisha mutuulize tena."

"Tunaomba jibu lifike Kinshasa vile vile," Angèle akasema. "Lisipunguzwe."

Mkubwa akaitika kwa kichwa. Mpaka leo hakuna lori lililokuja kubeba mtu kwa nguvu. Mahema yangali pale, yametoboka, na watoto wangali wanakohoa. Faida yetu ni hiyo tu, kwamba hatukusukumwa. Ninamshukuru Mungu kwa hiyo, na ninalia.

Maana siku ile, kabla ya kutuaga, mkubwa alimgeukia Delphine.

"Na wewe, mama? Hakuna kitu uliacha kule, unakitamani?"

Delphine alimtazama sana. Akakaza kikwembe alichombebea mtoto wake mgongoni, akapita katikati yetu, akatoka. Kule aliacha mama yake, na hajui kama alizikwa.