Fimbo ya Nne

Kopo lilikuwa limebaki moja tu, na mikono miwili ililifikia kwa pamoja.

Lilikuwa kopo dogo la glita ya dhahabu, katika duka la vipodozi upande wa kwenda mpakani, Tunduma. Nje malori yalipanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na wachuuzi walipita katikati yake na mayai ya kuchemsha na maji ya chupa. Mkono mmoja ulikuwa na kucha ndefu za zambarau. Wa pili ulikuwa na sugu, na kidole gumba kimefungwa plasta.

"Samahani, kaka," alisema mwenye kucha, Tabita. "Na wewe unapaka?"

"Napaka, dada."

"Kucha?"

"Fimbo."

Tabita alimpima juu hadi chini. Kijana mrefu, shati la drafti lililopauka kwa kufuliwa, suruali ina madoa ya vanishi magotini. Hakuonekana kichaa.

"Fimbo ya kuchungia ng'ombe?"

"Ya kuvulia samaki. Natengeneza kwa mianzi. Kuna loji kule Mpulungu, ziwani, wageni wao wanazipenda. Sasa wanataka ziwe zinametameta. Nimejaribu mara tatu, glita inafanya mabonge kama uji wa kapera."

Tabita akacheka kabla hajajizuia. "Unaimwaga juu ya gundi, si ndiyo?"

"Naimwaga."

"Ndiyo maana. Anza na gundi tupu, nyembamba. Halafu glita uichanganye pembeni, kidogo kidogo, kwa kijiti. Ukishaipaka, juu yake unafunika tena na gundi tupu. Kopo nachukua mimi, maarifa chukua wewe."

"Na hayo maarifa nikayapake wapi, mwalimu, bila glita?"

Hilo la "mwalimu" ndilo lililomponza Tabita. Waligawana kopo nusu kwa nusu, na kugawana kulihitaji karatasi, karatasi ikahitaji kalamu, na kalamu ilipopatikana, zikaandikwa namba za simu. Kijana aliitwa Lwitiko, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Iyula, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja Mlowo, nyuma ya maghala ya wanunuzi wa mazao.

Tabita alikuwa na kiti chake katika saluni moja ya Chapwa, alikopaka kucha za maharusi na za wake za madereva. Akiulizwa na wenzake alisema yule ni mteja wa ushauri tu. Kisebusebu na kiroho papo. Kila jioni, saa kumi na mbili ikikaribia, alikuwa anaweka simu mahali pa kuonekana.

"Fundi, umekula?"

"Sijala, mwalimu. Leo kucha zako rangi gani?"

"Kijani. Kwa nini?"

"Basi tu."

Wiki iliyofuata Lwitiko alikuja Chapwa na fimbo mkononi, nyembamba, imenyooka. Pale pete za kupitishia mshipi zinapofungwa kwa uzi, uzi ulikuwa wa kijani, na juu yake glita imetulia kote sawasawa. Zikaja fimbo za zambarau, zikaja za machungwa. Wageni wa Mpulungu walikuwa wanavulia samaki kwa rangi za kucha za binti wa Chapwa na hawakujua. Tabita alijua, na alilala akitabasamu. Alimpenda, hapana haja ya kuzunguka.

Kitu kimoja tu hakukijua. Katika miezi mitatu hakuwahi kufika Mlowo. Fimbo alizishika zikiwa zimekwisha kauka, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa Tabita, kukauka kulikuwa kuingiza vidole kwenye taa, dakika moja, mteja anaondoka.

Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la mwisho nyumbani lilikuwa la shangazi Nesta, dada wa baba, aliyeishi Nakonde ng'ambo ya mpaka. Shangazi alikuwa amemtafutia kazi Kitwe, kwenye saluni kubwa, na chumba juu yake. Tabita alimwomba jambo moja: kabla ya safari, amwone Lwitiko.

"Aje Jumamosi saa nane," alisema shangazi. "Nikimwona, nitajua kama ni mtu wa kukuzuia."

"Mpenzi, saa nane kamili," Tabita alimwambia Lwitiko kwenye simu. "Shangazi hapendi mtu wa kuchelewa."

"Saa saba na nusu nitakuwa mlangoni kwenu. Nyoosha tu hilo gauni."

Alilinyoosha kweli. Gauni la kitenge cha bluu na njano, mikono imejaa, kiuno kimekamatwa. Kuku alipikwa, na wali wa mchele wa Kamsamba ulinukia hadi barabarani. Saa nane ikafika. Tabita akapiga simu, ikaita hadi ikakata. Akapiga tena, na tena, mara tano. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi, mkoba mapajani, anatazama saa ya ukutani. Saa tisa Tabita alikwenda chumbani, akazima simu, akalia bila sauti ili shangazi asisikie.

Saa tisa na nusu shangazi alisimama. "Awe, mwanangu," alisema, kwa ile hapana ya ng'ambo isiyo na mjadala. "Alhamisi kuna basi la Kitwe. Panga nguo zako."

Lwitiko alibisha hodi saa kumi na mbili jioni. Mama ndiye aliyetoka. Tabita, nyuma ya pazia, alimsikia akisema, "Mama, umeme ulikatika."

Katika nchi hii umeme umesingiziwa mambo mengi. Umechelewesha harusi, umeunguza wali, umefelisha watu mitihani. Lakini kumzuia mwanaume kuja kuonana na shangazi wa mchumba wake? Kwani anatembelea umeme? Tabita alimwambia mama aseme amelala. Tangu siku hiyo kila ujumbe ulioingia kwenye simu aliufuta bila kuusoma.

Jumatano alipanda gari la Mlowo. Alijiambia anakwenda kumwambia usoni, maana kuondoka kimyakimya ni tabia ya wezi. Hata hivyo alivaa hereni.

Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vumbi la mahindi. Alibisha, akafunguliwa. Lwitiko alirudi nyuma hatua mbili.

"Tabita. Karibu."

"Sikai. Kesho nakwenda Kitwe."

Nyuma ya Lwitiko fimbo moja ililala juu ya vibao viwili, ikizunguka polepole, yenyewe. Kwenye kitako chake kulikuwa na mota ndogo. Tabita hakutaka kuuliza, akauliza.

"Hiyo inazunguka ya nini?"

"Gundi bado mbichi. Ikisimama inatiririka, glita yote inakusanyika chini."

"Kwa muda gani?"

"Saa nne. Tano, kukiwa na baridi."

"Saa nne!" Mkoba ulimshuka begani. "Jumamosi..."

"Zilikuwa nne. Nilizipaka saa tano asubuhi, nikawasha mota, nikaoga, nikavaa. Deus, dereva wa loji, alikuwa anazichukua Jumapili alfajiri, nilishamwahidi. Natoka tu mlangoni, umeme ukakatika. Nikawa nazigeuza kwa mkono, moja baada ya nyingine, kama mchoma mishikaki. Simu nikaisikia kwenye koti pale mlangoni. Mara tano. Mikono imejaa gundi, na nikiondoka zinaharibika. Nikasema watarudisha sasa hivi. Nikasema hivyo mpaka saa tisa."

"Ungeziacha," alisema Tabita. "Zingeharibika. Shangazi alikuwa amekaa pale, Lwitiko. Ungeziacha!"

Lwitiko aliinama tu, na macho ya Tabita yakapita juu ya bega lake hadi kwenye kona. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuzi za bluu na njano. Akaenda akaichukua. Upande mmoja uzi ulikuwa mtupu kabisa. Upande wa pili glita ilikuwa imelundikana, ikaganda kwenye matone mazito.

"Na hii?"

"Ile ya nne. Nilikuwa nimeipaka mwisho. Tatu zilikuwa zimeanza kushika, hiyo bado." Alikuna plasta ya kidole. "Niliiacha."

"Ukaenda wapi?"

"Kukupigia. Saa tisa na dakika kumi. Nikanawa mikono kwa spiriti, nikapiga, imezimwa. Nikatoka hadi barabarani, nikapiga tena na tena. Niliporudi ilikuwa hivyo."

Tabita alisimama nayo mkononi. Dakika kumi. Alikuwa amezima saa tisa kamili, kwa hasira, na hasira hasara, mama yake amemwambia tangu akiwa mdogo. Alimwonea huruma Lwitiko, akajionea aibu, lakini moyo wa Tabita ulikuwa mgumu kidogo, na haukutaka kusamehe kwa kuambiwa tu.

"Zima mota," alisema.

"Itaharibika."

"Zima, nimesema. Nitageuza mimi."

Akavua hereni, akakaa kwenye kigoda, akashika fimbo. Alitaka kujua ni kazi gani hiyo inayomfanya mtu asikie simu yake asiipokee. Aliigusa gundi pasipotakiwa, ikamnasa kwenye kucha na viganja. Baada ya robo saa mabega yaliwaka. Baada ya nusu saa alibadilisha mkono. Lwitiko alikaa sakafuni akimtazama.

Simu ikaita ndani ya mkoba.

Tabita alinyoosha mkono, akaona gundi, akaurudisha. Fimbo ilikuwa imesimama kitambo kidogo tu, na tayari tone lilianza kuvimba chini yake. Akaigeuza haraka. Simu ikaita mpaka ikakata. Ikaanza tena.

"Ni shangazi," alisema. "Pokea wewe."

"Mimi?"

"Kuna mtu mwingine humu?"

Lwitiko alifuta mikono kwenye suruali, akapokea. "Shikamoo, shangazi. Ni Lwitiko... Ndiyo, yule wa umeme... Yuko hapa, mzima, ila mikono yake haishikiki." Alifunika simu kwa kiganja. "Anauliza kesho akupokee saa ngapi mpakani."

"Mwambie siendi."

"Akiuliza kwa nini?"

"Sababu tafuta wewe. Mimi nina kazi."

Lwitiko alisimama, akajipanga kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa. "Shangazi, Tabita hatakuja. Nataka kumwoa. Najua Jumamosi nilikukosea, na najua jambo hili haliombwi kwenye simu."

Sauti ya shangazi ikasikika hadi kwenye kigoda: "Kama unajua haliombwi kwenye simu, mbona unaliomba? Jumamosi, saa nane, hapa Nakonde. Uje na mzee wa kwenu. Na kuanzia Ijumaa usipake kitu chochote!"

Simu ikakatwa. Lwitiko aliishika vilevile, hajui aiweke wapi.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia," alisema Tabita, machozi yanamshuka na hana mkono wa kuyafuta. "Sasa njoo unipanguse uso, fundi, na kuna saa tatu na nusu zimebaki."