Haiwaki, Njooni Muione

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Nerea Bustos alipita kando ya uwanja wa mchanga ambako wazee wa Klabu ya La Aurora walivingirisha mipira yao mizito, akawaamkia mmoja mmoja, kisha akaingia chumba cha nyuma. Aliteleka birika kwa ajili ya kibuyu cha yerba, chai chungu ya kwao inayonywewa kwa mrija, akachukua mswaki mkuukuu na chupa ya spiriti, akaketi kusugua vitufe vya kibodi ambavyo umri ulikuwa umevigeuza rangi ya manjano. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kompyuta zilizojaa mle chumbani zilikuwa zimezeeka kabla hata yeye hajazaliwa, na alizipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kulikuwa na televisheni za chogo, vinasa sauti vya kanda, na printa moja iliyopiga kelele kama cherehani kila ilipoandika. Msimamizi wa kundi dogo lililokutana humo kufufua mashine hizo alikuwa Mwalimu Nélida Brusco, mstaafu wa hisabati aliyewahi kuwafundisha nusu ya wakazi wa mtaa ule wa jiji la Rosario, akiwemo mama yake Nerea. Pamoja nao alikuwa Lisandro, binamu yake Nerea, kijana wa miaka kumi na sita. Lisandro alikuwa na kompyuta kuukuu yake mwenyewe, aliyoifufua kwa miaka miwili, na hakumruhusu mtu kuigusa hata kwa kuipangusa vumbi.

Nerea naye alikuwa mbishi. Wengine hubisha ili waonekane. Yeye alibisha hata akiwa peke yake, na akishasema jambo si sawa, ungeweza kumpikia, kumwimbia na kumbembeleza, angebaki pale pale.

Yeye ndiye aliyeipata kompyuta ya klabu. Aliikuta chini ya jukwaa, imefunikwa kwa mavazi ya kanivali na kinyesi cha panya. Bibi yake alimsimulia kwamba zamani wanachama walikaanga na kuuza empanada, sambusa za kwao, mwaka mzima ili klabu iinunue, na kwamba ndiyo iliyochapa kadi za mchezo wa bingo za kila Ijumaa. Bibi mwenyewe alikuwa na kovu la mafuta ya moto mkononi kutokana na empanada hizo.

Walikuwa wameishughulikia kwa miezi kadhaa siku mwenyekiti wa klabu, Don Evaristo, alipochungulia mlangoni huku ameshika kiuno.

"Kuna mtu anakitaka chumba hiki aweke mashine za mazoezi," alisema. "Siku ya sherehe ya klabu nataka kuiona hiyo kompyuta inafanya kazi. Isipofanya, chumba nampangisha yeye, na haya makopo yenu mtajua pa kuyapeleka."

"Si makopo, Don Evaristo," alisema Nerea.

"Nani kakuuliza wewe, Kiroboto?"

"Hakuna. Nimejibu bure tu."

Don Evaristo alicheka puani, akaenda zake. Hakuna aliyekuwa na nyumba yenye nafasi ya kupokea hata robo ya vitu vile. Kundi likikosa chumba, vitu vingeishia kwa wauza vyuma chakavu.

Wakafanya kazi kwa utaratibu wa mwalimu: kwanza usafi, halafu vipimo, umeme mwisho kabisa. Mwalimu Nélida alibadilisha kapasita zilizovimba kwenye kisanduku cha umeme, sehemu ambayo mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Siku walipoiwasha, taa ndogo nyekundu iliwaka, wote wakashika pumzi. Lakini kioo cha televisheni kilijaa takataka: herufi zisizo na maana na vidoa vinavyorukaruka.

"Chipu moja ya kumbukumbu imekufa," alisema mwalimu. "Ipi, sijui. Tukipata moja nzima tutaijua."

Aliagiza chipu kutoka Buenos Aires. Basi la mizigo likaja mara ya kwanza, likaja mara ya pili, kifurushi hakimo. Mkesha wa sherehe ulipofika walikuwa hawana kitu mkononi.

Hapo ndipo Lisandro alipotoa mfukoni kompyuta ya kisasa, ndogo kama kiberiti.

"Tunaiweka hii ndani ya ganda la ile kuukuu," alisema. "Waya unakwenda kwenye televisheni. Watu wanaona mchezo wa rangi, Don Evaristo anatosheka. Nani atafungua kifuniko?"

Nerea alimtazama mwalimu, akitarajia amkemee. Mwalimu Nélida alivuta yerba kwa mrija mpaka kibuyu kikakoroma.

"Kwa siku moja tu," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu. "Tukishapata chumba, tutaitengeneza kwa utulivu."

"Huo ni uongo, mwalimu."

"Ni maonyesho, mwanangu." Lisandro alikuwa ameshaanza kulifunga ganda.

"Kama ni maonyesho, mbona tunakaza skrubu?" Nerea alisimama. "Mama anasema ulimpa sifuri kwa kuchungulia karatasi ya jirani yake. Mpaka leo anaikumbuka."

Mwalimu aliona haya hadi masikioni. Lisandro alikaza skrubu ya mwisho. Nerea akachukua koti lake, akatoka bila kuaga, na njiani alilia kwa hasira.

Kesho yake klabu ilijaa watu. Soseji zilichuruzika mafuta juu ya makaa, ngoma za kanivali zilipigwa uani, na watoto walipishana na vikombe vya soda. Nerea alikuwa amefika kabla ya wote. Lisandro alipoingia chumbani alikuta kompyuta ya klabu imefunguliwa wazi, matumbo nje, na ile ndogo ya kisasa imewekwa pembeni ndani ya bahasha yenye jina lake. Mbele ya meza kulikuwa na kadibodi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HAIWAKI VIZURI. TUNAITENGENEZA. NJOONI MUIONE.

"Umefanya nini?" aliuliza Lisandro.

"Nimeifungua."

"Tutafukuzwa, we mwehu."

"Basi tutafukuzwa. Bibi aliungua mkono kwa ajili ya hii, na yuko pale nje anakula soseji. Nenda wewe ukamdanganye, mimi siwezi."

Mwalimu Nélida alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Alivua koti, akavuta kiti karibu na kisanduku cha umeme, akaketi.

Don Evaristo alikuja na kundi la watu nyuma yake. Aliisoma ile kadibodi kwa sauti ya kutangaza bingo, neno kwa neno, na watu wakaangua kicheko.

"Miezi yote hii," alisema, "na mlichotengeneza ni kadibodi."

Nerea aliinua kidevu. "Ulisema siku ya sherehe, Don Evaristo. Siku haijaisha."

"Na huo ugonjwa wake mnaujua?" aliuliza mzee mmoja wa mchezo wa mipira, akiinama kutazama.

"Tunaujua. Chipu moja kati ya hizi zilizopangwa imekufa. Ukipata nzima ukaipandisha juu yake, miguu ikagusana, ile nzima inafanya kazi ya mwenzake. Tunajaribu moja moja mpaka tuipate."

"Sasa si mpandishe."

"Hatuna nzima."

Kwenye meza ya pili mashine ya Lisandro ilikuwa inang'ara, watoto wameizunguka wakicheza. Ndani yake zilikuwemo chipu za aina ile ile. Kila mtu wa kundi alilijua hilo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kulitamka. Nerea hakugeuka hata kumtazama binamu yake.

Lisandro alimwona Don Evaristo akijifuta machozi ya kicheko. Aliizima mashine yake, watoto wakanung'unika. Akafungua skrubu, akang'oa chipu moja taratibu kutoka kwenye tundu zake, akaja nayo kiganjani.

"Ukiuvunja mguu wake mmoja," alimwambia Nerea, "nami navunja wako."

"Haya."

Wakaanza. Mwalimu Nélida alizima umeme, Nerea akapandisha chipu juu ya ya kwanza na kuikandamiza kwa kidole, mwalimu akawasha. Takataka. Akazima, Nerea akahamia ya pili. Takataka tena. Watu walioingia kucheka wakaanza kubashiri, wakaweka soseji kama dau, na aliyekosea alizomewa. Safu ya kwanza iliisha bila kitu. Don Evaristo aliaga mara mbili kwamba ana kazi nje, na mara zote mbili alibaki.

Katikati ya safu ya pili, mwalimu alipowasha, kioo kikawa safi. Juu ulitokea mstari mmoja wa maandishi, na chini yake kijisanduku kidogo cheupe kikawa kinapepesa. Nerea alishtuka, kidole kikalegea, takataka zikarudi. Mwalimu akazima, akawasha upya. Nerea akakandamiza kwa nguvu zaidi, na kijisanduku kikarudi, kikapepesa bila wasiwasi. Chumba kizima kilipiga makofi.

Don Evaristo alisogea mpaka kwenye meza. "Ndiyo hiyo tu? Kijisanduku?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na ukitoa kidole?"

"Inazimia."

"Sasa utakaa umeweka kidole mpaka lini?"

"Mpaka useme chumba ni chetu."

Wazee wa mipira walicheka hadi wakashikana mabega. "Sema, Evaristo," mmoja alisema. "Mtoto anachoka mkono."

Don Evaristo alimtazama Nerea, akautazama umati, na ndani yake bibi yake Nerea amejishika kiuno. Akanyoosha kidole chake kinene, akabonyeza vitufe kimoja kimoja mpaka neno AURORA likasimama kwenye kioo. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Mlango wa chumba chenu unahitaji rangi," alisema. "Mtaupaka wenyewe, Kiroboto." Kisha akatoka, na watu wote wakaelewa.

Jioni walipokuwa wanafungasha, Mwalimu Nélida aliwaita Nerea na Lisandro karibu.

"Jana niliacha skrubu zile zikazwe kwa sababu niliogopa kupoteza chumba," alisema. "Nilikosea. Kwa ule mchezo wa rangi watu wangepiga makofi kidogo wakaenda kula, na ugonjwa ungebaki mle ndani umefunikwa, na sisi tungebaki tunaogopa kila anayeshika bisibisi. Hii ilianza kupona asubuhi Nerea alipoandika kwamba haiwaki. Kabla ya hapo hakuna aliyejua tunahitaji nini, na Lisandro hakuwa na la kutusaidia zaidi ya hila. Kosa likifichwa halitengenezwi, wanangu. Nimewafundisha watu hivyo miaka mingi, na jana nikasahau."

Aliigeukia ile kadibodi. "Nadhani nastahili sifuri yangu."

Lisandro alitaka kusema hapana, si kweli, lakini Nerea alikuwa ameshachukua kalamu. Pembeni mwa ile kadibodi alichora sifuri kubwa ya mviringo, akampa mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu Nélida aliipokea, akaitazama vizuri, akaitundika ukutani juu ya kompyuta ya klabu.