Mfuko wa Pili wa Damu

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye dirisha la benki ya damu, nyuma ya hospitali, na kusema kweli hakuja kutafuta damu. Alikuja kuhakikisha haipo.

Miezi minane alikuwa anatokwa. Si zile siku za kawaida, hapana, ni damu ya kulowesha godoro, ya kumfanya ashike ukuta akitoka bafuni. Daktari alisema vivimbe vimejaa, dawa zimeshindwa, kizazi kitolewe kesho asubuhi. Ila kwanza ndugu wawili wamtolee damu. Mume alitoa mfuko wa kwanza. Wa pili ulikuwa utolewe na shemeji, na shemeji alizima simu tangu juzi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mtoto mmoja, binti wa miaka minne waliyemwita Kasuku kwa lile domo lake. Mama mkwe alishatoa hukumu: "Ukitolewa kizazi utakuwa kabati lisilo na rafu. Mwanangu aweke nini humo?" Mume akiulizwa anasema, "Amua wewe, mama Kasuku," kisha anaenda kuoga. Sasa aamue vipi? Akitolewa, ndiyo basi, hazai tena. Asipotolewa, anakufa. Ndiyo maana moyoni aliomba damu ikosekane, jambo lijiamue lenyewe.

Mhudumu wa damu alikuwa anafunga dirisha.

"Dada, umefuata nini tena? Nenda kalale. Ndugu zako wametimia."

"Mmoja tu. Mume wangu."

"Na dada yako je? Katoa leo mchana. Mnavyofanana, ningekuwa mlevi ningesema naona wawili wawili." Akacheka.

"Mimi sina dada."

"Haya, ya kwenu yamalizieni kwenu, msiniletee dirishani." Akafungua friji amwonyeshe. Mfuko ulikuwa na jina lake, na kundi lake la damu, lile la shida kupatikana. Kwenye karatasi, penye uhusiano na mgonjwa, mtu ameandika: Dada. Tumbo moja.

Akaugusa.

Ulikuwa wa moto.

Mhudumu naye akaugusa. "Mbona baridi kama barafu? Ni wewe una homa, dada."

Ukumbi wa kutokea ulikuwa mrefu, taa moja inakonyeza. Harufu ya dawa ya sakafu ilimfuata hatua kwa hatua, kisha ikakatika. Ikaja harufu ya udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi.

Kwenye benchi la mwisho ameketi mwanamke, mtandio umemfunika uso. Chini ya benchi kitu kinadondoka.

Tone... tone... tone...

"Keti, mdogo wangu."

Hakuketi. Miguu ilikataa kukaa, ikakataa na kukimbia.

"Wewe... ni nani?"

"Nimekupa changu. Kesho unipe chako."

"Kipi?"

"Hicho usichokitaka."

"Nani kakwambia sikitaki?"

Machozi yakamtoka. Miezi yote minane hakuna aliyemuuliza kama anakitaka.

Tone... tone...

"Basi kaa nacho," sauti ikanong'ona, kwa upole kabisa. "Kasuku nitamlea mimi."

Taa ikazima. Ikawaka. Benchi tupu. Sakafu kavu.

Alifika nyumbani anahema, akamweleza mume maneno yote kwa mkupuo. Mume akaguna. "Damu imekupungua, unaona mauzauza. Daktari si alisema?" Na huenda ni kweli, aliyepungukiwa damu huona mengi. Lakini Kasuku alikuwa chini ya meza na kikombe chake cha uji.

"Mama, mama mkubwa atarudi lini?"

"Mama mkubwa gani?"

"Yule anayefanana na wewe. Ananuka matope."

Asubuhi akasaini karatasi ya upasuaji. Hakuwa amekata shauri hata kidogo. Alisaini kama mtu anayesukumwa mgongoni.

Alipozinduka, mshono unawaka moto, akamuuliza nesi kilichotolewa kiko wapi. Pale hospitali utaratibu ni kwamba ndugu anaonyeshwa, kisha anakibeba mwenyewe kwenye kopo hadi maabara, jengo la pili.

"Usijali, mama. Dada yako amekipokea."

Mume alikuwa ametoka kununua maji.

Maabara hawakukiona. Daktari alisema makopo hupotea, akaomba radhi, akafunga faili.

Damu ikakoma. Mashavu yakarudi, watu wakampongeza, hata mama mkwe akasema amependeza. Yeye alikuwa anahesabu miezi na hakujua kwa nini anaihesabu.

Mwezi wa tisa tangu upasuaji, mchana kweupe, anapiga pasi, uchungu ukamshika.

Uchungu ule ule. Aliyezaa haukosei. Akapiga magoti, akauma taulo, akasukuma. Alisukuma nini? Ndani hamna kitu, alionyeshwa kwenye picha za hospitali kwamba hamna kitu! Ukaja, ukaja, ukaja... kisha ukaachia ghafla.

Akatega sikio. Kimya. Pasi tu inaunguza shati.

Halafu gauni likamlowa kifuani. Maziwa.

Siku hizi hujikamua kila asubuhi kwenye beseni, akamwaga, kabla mume hajaamka. Lakini zipo asubuhi anazoamka na kukuta ameshanyonywa.