Buli la Evelien

Giza la Novemba lilikuwa likiingia, mwaka wa tisini na sita, Mwadi alipopanda ngazi za nyumba moja karibu na uwanja wa Flagey, huko Ulaya, mkate mkononi. Alikuwa akimpikia na kumfulia Papa Maarten, mzee Mzungu aliyeishi Bukavu miaka mingi, kisha akaenda Japani kujifunza kufinyanga mabuli ya chai.

Kila jioni mzee alimtayarishia chai mwenyewe. Siku hiyo hakuinuka kitini. Akamwomba aitengeneze yeye, katika lile buli dogo jekundu, lenye mkono ubavuni, ambalo Mwadi hakuwahi kuruhusiwa kuligusa.

"Usisafishe na savon," akanong'ona. "Udongo inakunywa chai. Inakumbuka."

Mwadi akavuta kifuniko. Kikakwama kama kinachonyonywa kutoka ndani... kisha kikaachia.

Harufu ikampanda puani. Harufu ya kinywa cha mgonjwa, asubuhi, kabla hajasukutua.

Akaingiza kidole atoe majani ya jana. Udongo uliochomwa ni mgumu kama jiwe. Huu ulikuwa laini. Una joto. Unateleza kama shavu kwa ndani. Na vile vitundu vya chujio, ambavyo mzee alijisifu kuvitoboa kimoja kimoja, vikambana kidole.

Polepole.

Akakichomoa. Kikatoka na unywele mweupe, mrefu, ukichuruzika ute.

"Papa... humu ndani kuko nini?"

"Bibi yangu. Evelien."

Mkewe alifia Japani, akaeleza, wakamchoma. Yeye akachanganya majivu na udongo, akafinyanga, akachoma tena. Alisimulia kama mtu anayetaja kiasi cha chumvi. Kisha akauchukua ule unywele, akautia mdomoni, akameza.

"Bon, kunywa, maman. Kila siku unakunywaka humu."

Miezi miwili ya vikombe ikamrudia Mwadi kooni. Akatapika kwenye sinki, akatapika tena ngazini, akakimbia bila koti.

Akapata kazi ya usafi mtaa wa Jette. Januari akasikia mzee amefariki. Freddy, mpwa wa marehemu, alisema buli lilikutwa mezani: kavu, gumu, udongo tu. Mwadi akajilazimisha kuamini.

Asubuhi moja Gracieuse, aliyelala naye chumba kimoja, akamuuliza alijifunza wapi Kiflamand, lugha ya kwao mzee. Mwadi hakujua hata neno.

"Ukilala unaiongeaka," Gracieuse akasema, bila kumtazama. "Unabembelezaka mwanaume moja. Maarten."