Aliyeitikia Kanda

Siku ya tatu, kanda iliitikiwa.

Mwalimu Leonard alikuwa akisoma ndani ya rekoda. Akavuta pumzi mwisho wa sentensi, na katika nafasi ile ndogo mtu akasema taratibu, "Ehee." Raheli alimgeukia mdogo wake kitandani. Yudith alikuwa amefumba mdomo.

"Si mimi, dada."

Raheli alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliacha shule darasa la sita mama yao alipofariki, ili amtunze Yudith, ambaye miguu haikumbeba. Mwalimu Leonard, mtu wa Tanga mjini aliyeletwa kijijini kwao Mlola kufundisha elimu ya watu wazima, aliwahurumia. Alipokwenda semina Tanga aliwaachia rekoda, na kanda alizojirekodi akisoma kitabu cha watoto, habari za msichana aliyeingia ndani ya mlima akakuta nchi ambako mito hupanda juu. Kila saa tisa alasiri, ukungu ukishaificha migomba na baba yao yuko shamba la kijiji, walifunga mlango wakasikiliza. Kwa Raheli hiyo ndiyo ilikuwa shule.

Siku ya kwanza waliitikia, kama hadithi zinavyoitikiwa kwao. Mwalimu, aliyekuwa bado anafunga mizigo, aliwacheka. Alisema mashine haina masikio, wakae kimya wasikie vizuri. Wakakaa kimya.

Sasa Raheli akairudisha kanda nyuma. Ile sauti haikuwemo. Akaiacha iendelee, na "Ehee" ikaja tena, safari hii kutoka nyuma ya mlango, pamoja na harufu ya manyoya yaliyolowa.

Hakumwambia baba. Baba yao, Tobia, alikuwa mzee wa kanisa, angeiondoa rekoda siku hiyohiyo, na Raheli alitaka kujua msichana yule atarudije kwao.

Siku ya sita Yudith alikataa chakula. Rekoda ilikuwa imezimwa, lakini midomo yake iliitikia, "Ehee," kwa sauti nzito ya mzee, akanyamaza, akaitikia tena, na kila alipoitikia ubaridi ulimpanda kutoka vidoleni hadi magotini, hadi kiunoni, na ile harufu ikajaa chumba mpaka Raheli akatoka mbio ndani ya ukungu kumwita baba.

Tobia alisali. Kisha, bila kumtazama mtu usoni, akaenda mwenyewe kumleta Bibi Mwanasha, mganga wa ng'ambo ya bonde. Raheli alimwamkia shikamoo, akamweleza yote, hata alilolificha.

"Mliacha kiti cha mwitikiaji wazi," alisema Bibi Mwanasha. "Kimekaliwa."

Tobia akanong'ona kwamba ataichoma mashine.

"Ukiikata hadithi katikati, huyo aliyekikalia naye atabaki katikati, ndani ya mtoto. Imalizwe."

Lakini Mwalimu hakuwa ameisoma sura ya mwisho kwenye kanda, na kitabu alikwenda nacho Tanga.

"Basi malizia wewe, Raheli."

"Bibi, mimi shule sikumaliza."

"Nani amekuomba cheti? Anza. Na wewe, mzee wa kanisa, itikia kabla ya huyo aliyemo ndani ya mtoto."

Raheli alianza. Alisema msichana alipanda mtumbwi, na Tobia akawahi kusema "Ehee," na midomo ya Yudith ikachelewa. Akasema mto ulimpandisha kupita mizizi ya miti na mifupa ya wanyama wa zamani, na baba akaitikia, na kitu kikakwaruza kando ya kitanda, kikakwaruza ukutani, kikakwaruza mlangoni, lakini Raheli hakunyamaza, maneno yakawa yanamjia yenyewe, mpaka msichana akatokea kileleni, akaona moshi wa nyumba yao, akateremka, akagonga.

"Hadithi imekwisha," alisema.

"Ehee," alisema Tobia peke yake.

Yudith akafumbua macho, akaomba makande. Baba yake akaketi chini akalia.

Ndipo nje, ndani ya ukungu, karibu kabisa na dirisha, sauti ikauliza kwa adabu, kama mtoto:

"Halafu?"

Bibi Mwanasha alimshika Raheli mkono, akatikisa kichwa. Raheli alielewa kwamba asijibu. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama lile, na msichana wa hadithi alikuwa bado amesimama mlangoni, hajafunguliwa.

Raheli akafungua mdomo.