Feni ya Amna

Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika, na Amna alikwisha kupita mafundi watatu kabla ya kusimama mbele ya meza ya Idrisa. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau, laptop ameikumbatia kifuani. Idrisa alimwona yeye kwanza. Laptop aliiona baadaye sana.

"Inachemka, fundi," Amna alisema. "Dakika ishirini tu, inajizima."

Idrisa alifungua skrubu, akapuliza vumbi. Feni ilikuwa imekufa. Akaing'oa, akaeleza kwamba ya aina ile Mbeya haipo, ataagiza Dar ije kwa basi. Amna akamwambia hana muda: anamaliza chuo, ripoti yake yote imo humo, na akishaikabidhi anarudi kwao Iringa.

Feni ilifika Jumatatu asubuhi. Kuifunga ni kazi ya nusu saa. Lakini Amna alipokuja mchana, akavuta kigoda na kuanza kumcheka kwa lundo la simu mbovu mezani pake, Idrisa alijisikia akisema, "Bado, njoo kesho." Hapa tusifichane: kila fundi wa nchi hii amewahi kusema kesho, na kila mteja amewahi kuimeza. Wengine husema kwa uvivu. Idrisa alisema kwa sababu akiifunga ile feni, msichana ataondoka na hatakuwa na sababu ya kurudi.

Kesho zikawa nyingi. Amna akawa anakuja na maandazi, Idrisa anaagiza chai ya tangawizi. Wakaanza kupigiana simu. Amna alimwita fundi wangu, naye akaitwa Mama Feni. Umekula, Mama Feni? Umefika salama, Mama Feni? Siku moja Idrisa alimwambia atatuma wazee Iringa wakampose. Amna alijifunika uso kwa mtandio, akamwambia kwanza afunge feni.

Siku ya kukabidhi ripoti ilipokaribia, Amna alikwenda mwenyewe stendi, ofisi ya mizigo, kuulizia. Karani akamfungulia daftari: mzigo ulichukuliwa siku kumi zilizopita, na sahihi ya Idrisa ilikuwepo.

Alirudi mezani. Safari hii hakukaa.

"Nimeazima kompyuta za watu, nimeandika ripoti upya usiku na mchana, kumbe feni umeifungia kwenye droo."

"Nilitaka uendelee kuja, Amna."

"Ungeniambia nije, ningekuja." Akaichukua mashine yake hivyohivyo, bila feni. "Na hao wazee wako, nao ungewatuma kesho?"

Tangu hapo simu ya Amna haikupatikana. Alikuwa amemfungia namba. Idrisa alimkumbuka mno. Alasiri ikifika, masikio yalimsimama kwa kila viatu vilivyopita. Alimwandikia ujumbe uliojua njia ya kwenda tu. Feni aliiweka kwenye bahasha, akawa anatembea nayo mfukoni miezi mitano, na kila mteja akampa siku ya kweli hata kama ilikuwa mbali. Wateja walimsifu. Sifa hizo hazikumsaidia kitu.

Jumatano moja Naima, aliyesoma na Amna, alipita sokoni akamwambia: mfanyabiashara wa Makambako amepeleka posa, na baba yake Amna atatoa jibu Ijumaa baada ya swala. Idrisa alifunga meza palepale, akamwendea baba yake mdogo, Mzee Muharami. Alhamisi wakapanda basi. Mzee alilala njia nzima. Idrisa hakulala; Makambako alikataa hata kutazama dirishani, na kuanzia Nyololo alikuwa anajibishana na Amna kichwani na kushindwa kila mara. Ipogolo, nje kidogo ya Iringa, wakashuka, wakachukua bajaji kupanda mjini.

Ijumaa asubuhi mama yake Amna, Bi Chiku, aliwapokea kwenye mkeka wa sebuleni. Idrisa alimwamkia, akasema amekuja kumalizia kazi ya watu aliyoiacha njiani. Bi Chiku alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, akamwita binti yake.

Amna alikuja amejifunga khanga, amekonda kidogo. Alitoa salamu, akaiweka laptop mbele ya Idrisa. Idrisa alifungua skrubu huku akijua atakachokikuta. Iringa ina mafundi tele, na kaka yake Amna, Abdulkarim, anauza simu mlango wa pili na mafundi hao. Feni mpya itakuwemo, atafunika, ataaga.

Palikuwa patupu. Waya ulilala palepale alipouacha yeye.

"Miezi yote hii umeitumiaje?"

"Alfajiri, dirisha wazi, baridi iipige. Ikichemka naizima, nangoja."

"Kaka yako ana mafundi mlangoni. Kwa nini hukuwapa?"

Amna alikuwa akiutazama mkeka.

"Wangeitengeneza," alisema. "Halafu wewe ungekuja kufanya nini?"

Idrisa aliinama juu ya mashine ili mama mtu asimwone macho. Skrubu ikamponyoka, ikaingia chini ya mkeka, wakaitafuta wote wawili, vichwa vimekaribiana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiona.

Mzee Muharami alikohoa, akaiweka sawa kanzu yake. Akamwuliza Bi Chiku, kwa adabu zote, mwenye nyumba huwa anatoka msikitini saa ngapi, maana wao wana neno na wangependa kumngoja.